Nyani si sokwe mdogo: jinsi ya kuwatofautisha nyani, tumbili na sokwe ukiwa Dodoma

Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, aliniletea daftari lake la sayansi. Kachora mnyama mweusi amekaa juu ya tawi, kifua kipana, mikono mirefu, na mkia mrefu unaning'inia mpaka mwisho wa karatasi. Chini yake kaandika SOKWE, na pembeni kuna vema kubwa ya kalamu nyekundu. Nikamuuliza mkia ule kautoa wapi. Akasema, "Mjomba, kwani sokwe si nyani mkubwa tu?"

Swali lake limenikaa moyoni, maana hata watu wazima wengi wanaamini hivyo hivyo. Mimi nimekulia kwenye dungu, upande wa Kondoa, nikilinda mtama wa baba. Nyani nimewatazama tangu sijui kuandika jina langu. Kwa hiyo niliyomweleza yule mtoto Jumamosi ile, na mengine niliyomwonyesha baadaye kwenye vilima vya mawe, ndiyo haya ninayoyaandika hapa kwa urefu.

Jibu lenyewe ni fupi. Nyani ni tumbili aliyekuwa mkubwa na kushuka chini. Sokwe ni wa ukoo mwingine, na ukoo huo uko karibu na sisi binadamu kuliko ulivyo karibu na nyani. Koo hizi mbili ziliachana zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita, na ushahidi wa zamani sana wa kuachana kwao umetoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza visukuku viwili, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, kutoka bonde la ufa la Rukwa, kusini magharibi mwa nchi: kipande cha taya cha mnyama wa upande wa sokwe, wakamwita Rukwapithecus, na kipande kingine chenye jino moja cha mnyama wa upande wa tumbili na nyani, wakamwita Nsungwepithecus. Vyote vina umri wa miaka milioni 25 hivi. Wakati huo tayari walikuwa wameshagawana njia.

Kabla ya kuangalia mnyama, tunyooshe majina

Kiswahili hakina neno moja lililokubalika na wote la kuwakusanya tumbili, kima, mbega na nyani; hapa nikisema kina tumbili, nina maana ya ukoo huo wote. Kila mmoja ana jina lake, na majina yenyewe huhama kutoka mkoa hadi mkoa. Mnyama mdogo wa kijivu mwenye uso mweusi, anayeruka juu ya mabati ya watu na kuiba ndizi, ni tumbili. Hapa Dodoma wengi humwita ngedere, na sioni haja ya kugombana nao. Kima ni mnene kidogo, mwenye manyoya mazito, na anapenda misitu yenye kivuli. Mbega maarufu ni yule mweusi mwenye joho la manyoya meupe marefu mabegani, lakini wapo mbega wekundu pia. Yule kima punju wa msitu wa Jozani kule Zanzibar, pamoja na jina lake, kwa ukoo ni mbega.

Sokwe nao si mmoja. Anayeishi Tanzania ni sokwe mtu. Gorila yuko Uganda, Rwanda, Kongo na nchi za Afrika ya Kati hadi Gabon na Kameruni. Bonobo yuko Kongo peke yake, kusini mwa mto Kongo. Orangutani yuko Asia, kwenye visiwa vya Borneo na Sumatra, na giboni naye ni wa Asia, mdogo na mwepesi kuliko wote.

Hatua ya kwanza: tafuta mkia

Usianze na ukubwa, usianze na rangi. Anza na mkia. Sokwe wote hawana mkia, hata kibutu. Kina tumbili karibu wote wanao.

Mkia wenyewe una habari nyingi. Wa tumbili ni mrefu kupita mwili wake, mwembamba, na akitembea ardhini mara nyingi huuinua au kuupinda juu. Wa nyani ni kama umevunjika: unaanza kwa kupanda juu kutoka kiunoni, halafu ghafla unaanguka chini kama bomba la maji lililopindwa. Ukiuona mpindo huo kwa mbali, hata kama sura huioni, umeshampata nyani. Wa mbega mweusi una kishungi cheupe mwishoni.

Katuni za televisheni huonyesha tumbili ananing'inia kwa mkia kichwa chini. Hao wapo, lakini ni wa Amerika ya Kati na Kusini. Afrika hakuna tumbili mwenye mkia wa kushikia tawi. Ukimwona wa kwetu juu ya mgunga, mkia unamsaidia kusawazisha mwili anaporuka, basi.

Kuna tahadhari moja. Kutokuwa na mkia hakumfanyi mnyama kuwa sokwe. Nimewahi kuona nyani dume aliyekatika mkia, nadhani kwa mtego wa waya, na watoto wa kijiji wakaapa ni sokwe. Tena kule Moroko na Algeria kuko tumbili wa milimani ambaye kwa maumbile mkia wake ni kama haupo, na bado ni tumbili. Ndiyo maana hatuishii kwenye mkia.

Hatua ya pili: mabega na kifua

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika.

Mtazame nyani akitembea kando ya barabara ya Kondoa. Mwili wake umejengwa kama wa mbwa: kifua chembamba na kirefu kwenda chini, mabega yako ubavuni, mikono na miguu inakaribiana urefu, mgongo uko sambamba na ardhi. Tumbili ni hivyo hivyo kwa udogo. Akiwa mtini hutembea juu ya tawi kwa miguu minne.

Sasa jitazame wewe. Panda daladala, shika bomba la juu, dereva apige breki. Mkono wako umenyooka juu ya kichwa, mwili unayumba chini yake, na bega linazunguka bila shida. Bega hilo ni la sokwe. Kifua chako ni kipana kwenda pembeni, makombe ya mabega yamekaa mgongoni badala ya ubavuni. Sokwe ameumbwa hivyo kwa ajili ya kuning'inia chini ya tawi na kupanda kwa mikono. Yule mtoto nilimning'iniza kwenye mlango wa chuma wa uani, akacheka, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kuliko maneno yangu yote. Nyani hawezi kubembea namna ile.

Mikono ya sokwe ni mirefu kuliko miguu, kwa hiyo akitembea ardhini mgongo wake unapanda kuelekea mabegani. Sokwe mtu na gorila huegemea vifundo vya vidole, vidole vimekunjwa kwa ndani. Nyani huweka vidole vyenyewe chini, kiganja kimeinuka. Kwenye vumbi la asubuhi, nyani anaacha alama za vidole vilivyonyooka. Sokwe angeacha alama za vifundo.

Hatua ya tatu: uso, meno na mashavu

Nyani ana domo refu kama la mbwa, na pua iko mwisho kabisa wa domo. Chonge za dume ni za kutisha. Akipiga mwayo mbele yako mchana kweupe, usidhani ana usingizi: anakuonyesha silaha. Tumbili ana uso mdogo mweusi uliozungushiwa manyoya meupe, na utepe mweupe juu ya nyusi. Sokwe mtu ana uso mfupi kuliko wa nyani, masikio makubwa yaliyosimama, na midomo laini inayocheza sana, anaweza kuichomoza mbele kama anayetaka kupuliza moto.

Kuhusu mashavu nitakaa kidogo, maana hili nimeliona kwa macho kutoka kwenye dungu. Nyani jike alishuka kutoka majabalini jua likiwa bado chini, akaingia kwenye karanga za baba. Hakutafuna. Aling'oa, akapukuta udongo kwa kiganja, akatia mdomoni, tena na tena, mpaka mashavu yakamshuka pande zote mbili kama amemeza mayai. Nilipopiga debe alikimbia na shehena yake. Juu ya jiwe, mahali ambapo jiwe langu la kombeo halifiki, alikaa, akawa anasukuma shavu kwa nyuma ya mkono, karanga inatoka moja moja, anakula taratibu huku ananitazama. Vile ni vifuko vya mashavuni. Nyani anavyo, tumbili na kima wanavyo. Sokwe hana. Mbega hana pia, kwani yeye ni mla majani na tumbo lake lina vyumba kadhaa, karibu na mtindo wa ng'ombe. Mbega tena hana dole gumba, au ana kinundu tu.

Ukiokota fuvu porini, angalia magego. Ya nyani na tumbili yana matuta mawili yaliyopita kwa upana. Ya sokwe yana vinundu vya mviringo vilivyotawanyika, na ukipitisha ulimi kwenye magego yako ya chini utavikuta vinafanana na hivyo.

Hatua ya nne: anakalia nini, analala wapi

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Walichokuwa wanakiona wao ni sugu mbili ngumu zisizo na manyoya, zilizoshikamana na mfupa wa matako. Nyani, tumbili, kima na mbega wote wanazo. Ni mto wa kukalia: nyani hulala amekaa, juu ya mti mrefu au kwenye ukingo wa jabali ambako chui hafiki kwa urahisi, na sugu humwezesha kukaa usiku kucha bila ganzi.

Sokwe hana sugu za namna hiyo, ila ana kitanda. Kila jioni sokwe mtu hupanda mti, huvuta matawi, huyakunja na kuyakanyaga mpaka yawe godoro, halafu hulala chali au ubavu. Mtoto hulala na mama. Kesho yake hutengeneza kingine. Gorila na orangutani nao hutandika. Giboni ndiye aliyebaki katikati: hatandiki, na ana visugu vidogo.

Ukiona jike wa nyani amevimba nyuma, pamekuwa pekundu na kung'aa, si kidonda wala ugonjwa. Ni dalili kwamba siku zake za kupata mimba zinakaribia. Sokwe mtu jike naye huvimba, hivyo usitumie alama hii kuwatenganisha.

Hatua ya tano: maisha yao

Mimba ya nyani ni miezi sita hivi, ya sokwe mtu ni karibu miezi minane. Mtoto wa sokwe hunyonya miaka minne hadi mitano, na mama hazai tena mpaka huyo awe ameanza kujitegemea. Kwa hiyo mtu akiua sokwe jike mmoja, pengo lake halizibiki haraka. Naomba jambo hili lifundishwe pamoja na michoro.

Katika familia za nyani, majike hubaki kwenye kundi walilozaliwa maisha yao yote, na cheo cha mama hurithiwa na binti. Madume ndiyo yanayohama yakikua. Sokwe mtu ni kinyume: madume hubaki kwao, majike ndiyo huenda kwingine.

Nyani ni mwerevu sana, na aliyesema nyani mzee amekwepa mishale mingi hakutania. Hata hivyo sokwe ana jambo la ziada. Mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall, akiwa Gombe mkoani Kigoma, alimwona sokwe dume akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, analitoa likiwa limejaa mchwa, anawala. Aliona pia sokwe wakipukuta majani ya vijiti ili vifae kwa kazi hiyo. Mpaka hapo watu wengi wasomi walishika kwamba kutengeneza kifaa ni kazi ya binadamu peke yake.

Tumbili naye asidharauliwe. Ana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai, mwingine wa nyoka. Wakisikia wa chui wanakimbilia juu ya mti; wakisikia wa tai wanatazama juu au kujificha kichakani; wakisikia wa nyoka wanasimama kwa miguu miwili na kukagua majani. Utafiti uliothibitisha haya ulifanywa Amboseli, nchini Kenya, kwa kuwachezea milio iliyorekodiwa.

Kwa anayependa hesabu, tuhesabu kromosomu, zile nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli: nyani ana 42, sokwe mtu 48, sisi 46.

Hatua ya sita: jiulize uko wapi

Ukiwa Dodoma, Manyoni, Kongwa au Singida, sokwe ondoa kabisa kwenye orodha. Sokwe wa Tanzania wako magharibi, Gombe na Mahale mkoani Kigoma na maeneo ya Katavi, na wapo kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Viktoria, ambako walipelekwa miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya.

Wa kwetu hapa katikati ni nyani wa manjano: mwembamba, miguu mirefu, mgongo rangi ya majani makavu, tumbo jeupe. Wanapenda vilima vya mawe na mibuyu, na ubuyu wanaufahamu kutuzidi. Ukipanda kaskazini kupitia Babati mpaka Ziwa Manyara utakutana na nyani wengine, wazito, rangi ya zeituni iliyokolea. Ni nyani wote wawili, na mipakani huzaliana. Mbega na kima wanataka msitu mnene, kwa hiyo watafute kwenye milima ya Tao la Mashariki, kama Udzungwa. Huko milimani kusini ndiko alikogunduliwa kipunji, tumbili mwenye nywele zilizosimama kichwani, aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005. Wenyeji wa mlima Rungwe walikuwa na jina lake tayari.

Na usiku, ukisikia kilio kama cha mtoto kwenye migunga na ukamulika tochi ukaona macho mawili makubwa mekundu, huyo ni komba. Si tumbili wala sokwe. Ni binamu wa mbali, mwenye pua mbichi kama ya mbwa.

Ukienda kuwatazama

Toka mapema, saa kumi na mbili na nusu uwe chini ya kilima. Nyani hawashuki upesi: huota jua kwanza, husafishana manyoya, watoto hucheza. Hiyo ndiyo saa nzuri ya kuchora. Chukua darubini kama unayo, daftari, na maji. Chakula kiache ndani ya begi lililofungwa, au usibebe kabisa. Kaa mbali nao, usimkazie macho dume, usicheke kwa kuonyesha meno, maana kwake yote mawili ni uchokozi. Usiingie kati ya mama na mtoto.

Usiwarushie chakula, hata ganda la ndizi kupitia dirisha la basi. Nyani aliyeonja mkate barabarani huacha kutafuta ubuyu, hushinda lami, na mwisho hugongwa au huanza kupora watoto mifuko. Wanaoitwa wakorofi, mara nyingi tumewafundisha sisi.

Kwa mwenye shamba: fyeka kichaka kinachopakana na mazao, kwa sababu nyani hapendi kuvuka uwazi. Linda hasa asubuhi na alasiri. Tumbili huingia kimya wachache wachache, nyani huja kundi zima na huweka mmoja mahali pa juu. Ukimwona huyo wa juu, wenzake wako karibu. Usitege sumu. Inaua mbwa wako, inaua tai, na ni kosa kisheria. Wakizidi, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Ukiumwa au kukwaruzwa na yeyote kati yao, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Usifunge kwa dawa ya majani ukasubiri.

Mwisho wa safari ni Kigoma

Yule mtoto nimemwahidi kumpeleka Gombe akimaliza darasa la saba. Kutoka Dodoma ni Reli ya Kati, kupitia Tabora mpaka Kigoma, halafu boti kwenda kaskazini juu ya Ziwa Tanganyika. Nilifika huko mara moja. Ufukweni nyani wa zeituni walikuwa wanaokota vitu kwenye kokoto, mbega wekundu wako juu ya miti, na tulipopanda mteremko na mwongozaji tukawakuta sokwe. Tulitakiwa kukaa mbali, na mwenye mafua alibaki chini, kwa kuwa mafua yetu huwaua sokwe.

Kulikuwa na sokwe mdogo na nyani mdogo wanakimbizana kuzunguka shina la mti. Nyani akapita juu ya tawi kwa miguu minne, mkia umepinda nyuma yake. Sokwe akalishika tawi lile lile kwa mkono mmoja, akaning'inia chini yake, akazunguka, akamsubiri upande wa pili.